Togwa ya Benigna

Mwanangu Benigna alipokufa nilicheza ngoma. Kumlilia nilikuja kumlilia miaka minne baadaye, katika hospitali ya mbali na nyumbani nilikolazwa kwa homa ya matumbo. Madaktari walinitundikia dripu ya dawa kali iliyoua kila kidudu tumboni mwangu, kibaya na kizuri, na asubuhi moja, muuguzi akiwa ananikorogea uji, nikakumbuka kwamba nilikuwa na mtoto na kwamba mtoto huyo yuko chini ya udongo. Nilipiga yowe, wagonjwa wa wodi nzima wakainuka vitandani. Muuguzi alidhani utumbo umetoboka. Nikamwambia hapana, mwanangu amekufa. Akaniuliza amekufa lini, nikamjibu, akanitazama kwa mashaka, kisha akaenda kuniletea chupa ya Utulivu, kinywaji cha kutuliza hisia.

Niliipiga funda nikamtemea usoni. Mungu anisamehe, maana yule binti hakuwa na kosa. Lakini nilikuwa nimeshaelewa nilichofanyiwa, na hasira iliyonipanda ilikuwa ya miaka yote ile, bado mbichi, haijaguswa na mtu. Palepale kitandani nilimtaja mtu mmoja kwa jina lake na la ukoo wake, Ditram Komba, nikaapa kwamba nitamlipa.

Langoni mwa mji wetu wa Likuyumba kuna mashine ya kunusa pumzi. Unapuliza, taa inawaka kijani, unapita. Kwangu iliwaka njano. Mlinzi aliniuliza kama wanavyosalimiana watu wote hapa siku hizi, "Tumbo?" Badala ya kujibu kwamba limetulia, nilimwambia linawaka moto. Alicheka sana, kwa kuwa mimi ni Mhehe niliyeolewa Ungoni, na kwa Mngoni Mhehe ni mtani, anaruhusiwa kusema lolote. Akaniagiza nipite Taasisi, wanakotengeneza Utulivu, nikanyweshwe upya, akanifungulia.

Nyumbani mume wangu Gerold alikuwa amesonga ugali, ameandaa sinia moja kama kawaida yetu, na anapiga mluzi. Nilimtazama yule mwanaume, baba wa marehemu, anapiga mluzi. Nikamuuliza kama anamkumbuka Benigna. Akasema anamkumbuka sana, alikuwa mtoto mzuri, kisha akaniuliza kama aniongezee maharage. Nilichukua sahani, nikapakua changu, nikaenda kulia jikoni peke yangu.

Kwenye kuta za mji huu wameandika kwa rangi ya buluu, "Dozi moja, sinia moja." Ndivyo Utulivu ulivyoundwa. Wadudu wake huhama kwa mate na vidole, kwa hiyo ukimnywesha mmoja umenywesha nyumba nzima, na wakubwa wa mkoa waliupenda kwa sababu hiyo. Kula sinia moja na Gerold kungekuwa kumzika mwanangu mara ya pili. Yeye alivumilia majuma kadhaa, kisha bila kinyongo, maana hana pa kukiweka, akahamia kwa kaka yake ambako watu bado wanakula pamoja. Kuna siku nilimwonea wivu na kuna siku nilitamani kumrushia sufuria.

*

Benigna alikuwa kidato cha nne, na alikuwa na tumbo joto. Mtihani ukikaribia alikuwa anashinda chooni, viganja vinamtoka jasho, hali wala halali. Alirithi kwangu, na mimi nilirithi kwa mama yangu. Ndipo Daktari Ditram Komba, mkuu wa Taasisi ya Tumbo na Hisia, akaja shuleni kwao na Utulivu Toleo la Shule.

Hotuba yake niliisikia kwa masikio yangu. Alisema tumbo lina mishipa ya fahamu mingi mno, ni ubongo wa pili, na kuna mshipa mmoja mkubwa unaopanda kutoka tumboni mpaka kichwani. Kwa mshipa huo tumbo hupiga simu. Hofu nyingi tunazodhani zimezaliwa kichwani zimepigiwa simu kutoka chini. Yeye amefuga wadudu wa kuipokea simu hiyo kabla haijafika, na kuijibu kwa upole. Wazazi walipiga makofi mpaka mabati yakaitikia.

Ambalo hakulisema ni kwamba simu hiyohiyo ndiyo inayopeleka habari za maumivu. Kidole tumbo cha mwanangu kilivimba, kikaoza, kikapasuka, na tumbo lake halikumwambia kitu. Wenzake wanasema juma lile alikuwa mchangamfu kuliko wote. Alianguka katika chumba cha mtihani akiwa amemaliza maswali yote, na alikuwa anatabasamu. Daktari aliyempasua alisema hajawahi kumwona mtu aliyebeba uozo kiasi kile bila kulalamika, na walikuja kunieleza hilo kama sifa.

Siku ya mazishi Ditram alikuja kama mtani. Kwetu mtani ndiye mwenye msiba hasa. Anazuia jeneza mpaka apewe kuku, anavaa nguo za marehemu na kumwigiza, anawachekesha waliovimba macho, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Na anachokupa mtani hukikatai. Ditram alikuja na ndoo ya togwa. Alichota kwa kata ya kibuyu, akanywa yeye kwanza mbele ya watu ili kutoa uchawi, kama desturi inavyotaka, akaniwekea kata mdomoni.

"Kunywa, mla mbwa," aliniambia, kwa utani wa Wangoni kwa Wahehe, "upoe."

Nikanywa. Kuonja kwake kulikuwa mchezo mtupu. Kilichokuwa ndani ya kata kilikuwa tumboni mwake miaka mingi, kingemfanya nini? Jua halijazama nilikuwa nacheza ngoma ya lizombe juu ya udongo wa kaburi ambao haujakauka. Walinipa kipaza sauti, nikasema nimesamehe, nikamkumbatia. Video hiyo Taasisi inawaonyesha wageni mpaka leo, na mimi ndani yake nimependeza.

*

Wifi yangu Edeltruda, dada yake Gerold, anafanya kazi katika chumba cha mbegu pale Taasisi. Nilimfuata kwake akiwa uani anachambua mchicha, nikamwambia bila kuzunguka kwamba nataka mbegu bubu.

Mbegu bubu ni wadudu ambao bado hawajui kitu. Taasisi huwapanda katika tumbo la mtu aliyetulia kwelikweli, wakae humo msimu mzima wakijifunza mwendo wa tumbo hilo, linatoa kemikali gani, wakati gani, kiasi gani. Wakishajifunza wanakomaa, na tangu hapo popote utakapowapanda wataimba wimbo uleule. Utulivu wote wa Ungoni ulitoka katika tumbo la mzee mmoja mfuga nyuki ambaye hajawahi kugombana na mtu. Na toleo jipya likiingia hulifukuza la zamani. Waliliunda hivyo makusudi, watu wawe wananunua kila mwaka.

Nilimweleza Edeltruda nia yangu yote. Nitazipanda mbegu tumboni mwangu zijifunze msiba wangu, kisha nitamnywesha Ditram. Kumdai Ditram pole haikuwa na maana, angenipa pole kumi kwa tabasamu lilelile. Utamlipizaje kisasi mtu asiyeumia? Lazima kwanza umpe pa kuumia.

Nilitegemea wifi angekataa, au angalau angeshtuka. Lakini wafanyakazi wa Taasisi wanakunywa kuliko watu wote. Alinisikiliza huku vidole vinaendelea na mchicha, akanieleza hatari zake kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya vitunguu.

"Wifi, mbegu haijui jina la mtu," alisema. "Ditram atakula na mtu, na huyo atakula na mwingine. Unaweza kuufanya mji mzima ulie."

"Na ulie."

Alifikiri kidogo, akasema basi sawa, ataniletea. Huyu ni shangazi yake Benigna. Alimnywesha uji, alimsuka nywele, na aliniletea ile silaha katika chupa ya asali bila kuniuliza mara ya pili. Nilimwonea huruma na nikaichukua.

Nikazibeba mbegu zile masika yote, na nikazilea. Harusi ya jirani sikwenda. Redio nilimpa mtu. Nilifungua sanduku la shule la Benigna nikakaa nalo chumbani, nikawa nanusa sweta yake mpaka harufu ikaisha, halafu nikalia kwa sababu harufu imeisha. Mtu akinichekesha nilikuwa namkimbia, nisije nikazifundisha mbegu zangu furaha. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi nilitaka kuiumbua methali hiyo. Ditram na mkewe walikaa miaka mingi bila mtoto, na nilitaka aujue asiyezaa.

*

Togwa yangu ni ya kimea cha ulezi. Unaloweka ulezi, unauacha uote, unauanika, unausaga. Unapika uji mwepesi wa mahindi, unausubiri upoe mpaka kidole kivumilie, ndipo unatia kimea. Baada ya hapo inachachuka yenyewe. Mbegu nazo nilizitia humo kwenye vuguvugu. Nilivyozitoa tumboni mwangu sisemi. Tumbo lina milango miwili, na sikuzitoa kwa ule wa juu. Kila nilipomfikiria daktari msomi akipiga mafunda, nilicheka peke yangu jikoni, na kicheko hicho hakikuwa cha furaha.

Nikaandaa kumbukumbu ya Benigna. Nilimpelekea Ditram mwaliko nikamwita mtani wangu, mla panya mkubwa, nikamwambia mwenzake ana togwa na hana wa kumnywesha. Nilijua atakuja. Mama aliyesamehe kwenye kipaza sauti ni mtaji, na mtani hakatai wito wa kaburini.

Alikuja amenyooka, shati jeupe, uso umetulia kama bakuli la mtindi. Aliwaambia watu kwamba ana habari njema: Jumatatu inayofuata Taasisi itafungua Toleo la Chekechea, watoto wadogo nao wapumzike na vilio vyao vya asubuhi. Watu wakafurahi. Mimi nilikuwa nimeshika kata, nikaiweka chini.

Pembeni yake alikuwepo mkewe, Winfrida, mwalimu wa hesabu, mwanamke mpole ambaye sikuwa nimemwona siku nyingi. Alikuwa na mimba kubwa. Sikujua. Chakula kilipopakuliwa kwenye masinia, yeye alifungua mkoba wake, akatoa sahani yake mwenyewe, na kijiko, na kikombe. Nikasogea nikamuuliza kulikoni. Akanijibu kwa sauti ya chini, kwa aibu, kwamba mumewe amemsafisha kwa vidonge tangu mimba ilipoonekana, na amemkataza kula na mtu yeyote mwenye Utulivu mpaka ajifungue, yeye mwenyewe mumewe akiwemo. Eti haijulikani bado unamfanya nini mtoto.

Haijulikani bado. Kwa mtoto wake haijulikani. Wangu aliupata kwa makofi, na wa wenzetu wa chekechea wataupata Jumatatu. Kama nilikuwa na huruma yoyote kwa Ditram Komba, iliishia pale.

Nikachota kata ikajaa, nikasimama mbele yake. Watu wakanyamaza, maana walijua utani unakuja.

"Onja kwanza utoe uchawi," alisema Ditram akicheka. "Mhehe simwamini."

Nikanywa funda kubwa, nikajifuta mdomo. Ulikuwa msiba wangu mwenyewe, unirudie mara ngapi? Nikamwekea kata mdomoni kwa mkono wangu, kama alivyoniwekea.

"Kunywa, mla panya. Upoe."

Akanywa. Akaimaliza, akasifia kimea, akaomba ya pili, nikampa. Kwa muda mfupi nilijisikia vizuri kuliko nilivyojisikia tangu hospitali, nasema kweli. Nilimtazama koo likipanda na kushuka na nikahesabu moyoni mwangu kwamba deni limeanza kulipwa.

Nilipogeuka, Winfrida alikuwa ameinama kwenye mtungi, amechota kwa kikombe chake.

Aliniambia kwa kujitetea kwamba togwa ya nyumbani haina madawa, na mtoto tangu asubuhi anataka kitu kichachu. Nami ninajua hamu hiyo. Nilipokuwa na Benigna nilikunywa togwa mpaka mama mkwe akaficha mtungi.

Sitajifanya mtu mwema. Nilitaka anywe. Yote niliyaona kwa mara moja: mtoto hupata wadudu wake wa kwanza kwa mama siku anapozaliwa, na huyu angezaliwa na msiba wangu tumboni, alie bila sababu, alie akinyonya, alie akibembelezwa, na Ditram ambebe huku na huku asijue ampe nini. Hata mimi masika yote sikuwahi kuota kisasi kizuri hivyo. Sikutakiwa kufanya lolote. Nilitakiwa kusimama tu na kunyamaza.

Kikombe kilikuwa kimefika mdomoni alipokunja uso na kujishika ubavu. Akasema mtoto amempiga teke, kisha akasubiri, ameinamisha kichwa, anasikiliza tumbo lake kama mtu anayesikiliza mlango ukigongwa. Benigna alinyang'anywa jambo hilohilo. Mwanamke huyu tumbo lake bado linasema naye, na mimi ndiye niliyekuwa nakaribia kulifunga mdomo.

Nikampokonya kikombe, nikainywa yote mimi. Watu wakaangua kicheko, wakasema Mhehe ni mchoyo hata kwa mjamzito. Ditram alicheka kuliko wote. Nikamshika Winfrida mkono nikamwingiza jikoni.

*

Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Hakulia wala hakunipiga. Aliuliza kama ni kweli Benigna alikuwa anatabasamu, nikamwambia ndiyo. Aliuliza mumewe ana muda gani. Nikamwambia mbegu hushika ndani ya siku chache, na kabla hazijashika zinatoka kwa vidonge vilevile alivyosafishwa yeye, na hata zikishashika vitazitoa, ila kwa taabu. Nilimwambia pia asiguse sinia la mumewe, wala kikombe chake, wala asimpe busu. Nilikuwa nakata kisasi changu vipande kwa mkono wangu, na nilimchukia Winfrida kwa hilo.

"Vidonge ninavyo nyumbani," alisema. "Nitamwambia, na nitampa. Kuvimeza ni juu yake."

"Atavimeza."

"Umenitoa kikombe mdomoni, mama Benigna. Kwa hilo nakushukuru. Kwa mengine tutaonana mbele ya Mungu."

Akachukua sahani yake, akatoka. Niliimwaga togwa iliyobaki shimoni nikaichomea na majivu ya moto, nikakaa jikoni nikiwa na hasira ya mtu aliyemkamata mwizi kisha akamfungulia mlango mwenyewe. Hatia yangu nayo niliijua, usidhani siijui. Nilimtilia mtu kitu tumboni bila ridhaa yake, kama alivyonitilia mimi. Nililifikiri hilo mchana kutwa na sikujuta, nilichoka tu.

Jumatatu watu walikusanyika chekechea, maturubai yamefungwa, watoto wamevalishwa kofia za karatasi. Ditram hakutokea. Edeltruda alipita kunieleza, bila wasiwasi kama ilivyo kawaida yake, kwamba mkuu amefungia chupa zote za Toleo la Chekechea kwenye chumba cha baridi, ameondoka na ufunguo, na kazini hasemi na mtu. Mkewe anampakulia chakula, anakiweka mezani, anatoka. Nilimuuliza Edeltruda kama amemeza vidonge. Hakujua.

*

Ditram alikuja mchana, nikiwa nimekaa mkekani mlangoni nakula ugali na mlenda, kwenye sinia, maana sahani zote zilikuwa chafu. Shati lilikuwa lilelile la siku ya kumbukumbu. Macho yamevimba. Alisimama pale kwenye kivuli cha bati, akatafuta salamu, na aliyoipata ni ileile ya mjini.

"Tumbo, mtani?"

"Linauma," nilisema. "La kwako?"

Alitazama sinia langu. Kwetu mtu akikukuta unakula, hata awe adui, unamwambia karibu. Ndilo neno la kwanza tunalomfundisha mtoto baada ya shikamoo. Nilikata tonge, nikachovya, nikala. Nikakata lingine. Alielewa ninachomfanyia, na alibaki amesimama.

Alitoa vidonge mfukoni. Karatasi yake ilikuwa nzima, hakijatoka hata kimoja. Alisema siku ya kwanza aliposikia kwa mkewe hakuona haraka, alijisikia vizuri tu, akaviweka mezani. Kisha wakati ananyoa ndevu kikamshika kitu ambacho hakijui. Tangu hapo kila akivileta mdomoni mkono unakataa. Ni kama kuna mtu ndani yake, na akimeza, mtu huyo atakufa, na yeye ndiye atakuwa amemuua.

Nilikumbuka nilivyomtemea yule muuguzi. Basi imemwingia, nikajisemea. Mwenye uchungu wa mwana hakubali uchungu ule utoke, kwa sababu ndio mwana aliyebaki naye. Nilikuwa nimeipata. Methali nimeiumbua, na mtu mzima amesimama mbele yangu amejishika tumbo. Nilingoja nifurahi. Furaha ilikuja kidogo, kama chumvi, ikaisha.

"Nina msiba na sina maiti," alisema Ditram. "Nalia sijui namlilia nani. Nimeitazama ile video, nimetazama picha zake za shule, simjui. Nilimwona mara moja tu kwenye mstari, nikampa kikombe. Niambie alikuwa nani."

Hilo sikulitegemea. Mbegu zilikuwa zimejifunza kilio changu, lakini sweta hazikuijua, wala sauti yake akiimba vibaya kanisani, wala jinsi alivyokuwa anaficha vitunguu pembeni mwa sahani. Hayo yalikuwa yangu peke yangu. Ningeweza kumnyima. Angebaki na jeraha lisilo na jina mpaka afe au mpaka avimeze, na hakuna mahakama ambayo ingenihukumu. Nilikaa nalo wazo hilo nikiwa na tonge mkononi, na lilikuwa tamu.

"Mtaje," nilisema.

"Benigna."

"Mtoto wa nani?"

"Wa Gerold. Wa Atanasia Kikoti. Aliyekufa kwa mkono wangu."

Hakuwa tena na mtu wa kula naye sinia moja, kama nisivyokuwa naye mimi. Katika watu wote wa Likuyumba, mmoja tu angeweza kuchovya naye bakuli moja bila kudhurika, na ni mimi, kwa kuwa tulichobeba ni kimoja. Nilisogea upande mmoja wa mkeka. Nikamsukumia bakuli la maji.

"Karibu chakula," nilimwambia. "Nawa."

Alinawa, akakaa. Kusamehe nilishasamehe siku ile kwenye kipaza sauti, na sirudii. Nilimwambia Benigna hakupenda vitunguu. Nilimwambia ale, na kesho aje tena, na keshokutwa, kwa sababu mtoto wa miaka kumi na saba hasimuliwi mara moja, na mimi sitamwachia hata siku moja yake.